Kwa Twilumba, Anayeikimbia Kura

Kitandililo, nyumbani

Twilumba,

Huna adabu. Naanza na hilo kwa sababu wewe ukisoma barua huchoka njiani, na hili nataka ulisome ukiwa bado na nguvu. Jumapili, hapa uani kwangu, mbele ya watu waliokuja kunywa chai yangu, ulimwita mjomba wako Yeremia, mwanangu wa kumzaa, kibaraka wa Wazungu. Ulisema ngozi yake ni nyeusi lakini moyo umepauka. Watu wakakupigia makofi. Na wewe uliyesema hayo, usoni ulikuwa umejipaka ile dawa ya kopo, ile aliyokuletea yule kijana aliyerudi kutoka machimboni kusini, dawa ya kukufanya uwe mweupe. Unafikiri sijui? Mto wako unanuka dawa. Mashavu yako yameanza kuiva kama ya mtu aliyeinamia moshi. Sasa aliyepauka ni nani, mjomba wako au wewe?

Nakuandikia kwa sababu kila nikifungua mdomo unaniambia, "Bibi, hayo ni mambo ya siasa, huyajui." Haya. Karatasi huwezi kuikatiza. Umekwenda kuaga majirani, jua bado lipo, kalamu ya risasi ninayo, na Kiswahili cha kuandika nilifundishwa na mwalimu wa ubatizo. Kwa Kibena ningekukaripia vizuri zaidi, lakini Kibena hakuna aliyenifundisha kukiandika.

Sitakuambia ufunge sanduku kwa kamba, wala usile vya njiani, wala usisahau kusali. Hayo umeyasikia tangu ulipoachwa mikononi mwangu mama yako alipokufa, na kama hayajaingia mpaka leo basi hayataingia. Mimi ndiye niliyekulea, kwa hiyo nakuita mwanangu, na mwanangu nina haki ya kumwambia kwamba anakimbia.

Ndiyo, unakimbia. Barua yako ya uhamisho wa ualimu niliisoma mwenyewe, polepole, lakini niliisoma. Haikusema uondoke kesho. Ilisema ufike Tanga kabla shule haijafunguliwa, na kufunguliwa bado. Kesho umeichagua wewe, kwa sababu keshokutwa ni siku ya kupiga kura kule boma la Njombe, na jina lako limo. Unataka siku hiyo ikukute barabarani, ili mtu akikuuliza useme, "Nilikuwa safarini." Mimi nimezaa na nimelea, najua mtoto anayejificha chooni siku ya kupalilia.

Sasa nikukumbushe mlivyofika hapa, maana ninyi mkisimulia huwa mnaruka sehemu zenye aibu.

Mlijiita Wapenda Maendeleo. Mlikutana kwangu kwa sababu kwangu kuna benchi na mnajua siwezi kumwacha mtu bila chai. Alikuwepo mwalimu Obadia mwenye sauti, alikuwepo mjomba wako aliye karani huko Makambako, ulikuwepo wewe, na wale vijana wengine wanaofundisha shuleni. Wote mna mishahara iliyofika kipimo cha serikali cha mtu wa kupiga kura. Mimi sikufika. Mimi sina shule, sina mshahara, sina cheo. Serikali inaniona kama inavyoona jiwe la kusagia. Nikakaa jikoni, nikasikiliza.

Sheria ilikuwa imetoka: kila mpiga kura achague watu watatu, Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja, Mhindi mmoja, na akiacha mmoja karatasi yake inaharibika. Mlikasirika. Hata mimi nilikasirika. Nchi nzima kugawiwa kwa ngozi, Wazungu walio wachache wawekwe sawa na sisi tuliojaa milimani, hiyo ni dharau. Mlisema mtaandika barua kwa Bwana Shauri, yule Mzungu mkubwa wa boma, kuipinga sheria hiyo. Nikasema moyoni, sawa, hawa ni watu.

Halafu mkaanza kuandika.

Obadia akasema, "Tuandike tunadai." Mjomba wako akasema, "Tuandike tunaomba, barua ifike mezani isiishie kwa tarishi." Obadia akaruka: "Tunaomba ni lugha ya watumwa, Bwana Yeremia!" Mjomba wako akamjibu, "Na tunadai ni lugha ya watu wanaotaka kulala ndani." Wewe ukasema iwe tunatamka. Mwingine akasema kwanza tuamue kama tutamwita Bwana Shauri "Bwana", maana Bwana ni Mungu peke yake. Hilo likachukua Jumamosi nzima. Jumamosi iliyofuata mkagombania kama sisi ni "Waafrika" au "wananchi" au "wenyeji". Nakumbuka nilitoka jikoni na mwiko mkononi nikawaambia, "Andikeni tunataka, viazi vinaungua." Mkacheka. Obadia akanipigapiga begani: "Bibi, tunataka ni maneno ya mtoto mbele ya chungu."

Na mimi nikamwambia, "Lakini mtoto wa mbele ya chungu hula."

Mlicheka tena. Mnajua kucheka.

Wakati huo boma walikuwa wanaandikisha majina. Kila niliposema, nendeni mkaandikwe, mliniambia, "Tumalize barua kwanza, Bibi, tuwe na msimamo mmoja." Mjomba wako alikuwa na safari yake ya kazi Njombe, akakuchukua wewe, mkaandikwa ninyi wawili. Wengine walibaki kutafuta neno. Neno lilipopatikana kitabu cha boma kilikuwa kimefungwa. Hiyo barua mpaka leo sijui iko wapi. Obadia anasema anaisafisha.

Basi wale waliokosa kuandikwa wakageuka. Sizitaki mbichi hizi, alisema sungura. Wakaanza kusema kupiga kura ni dhambi, anayetia alama kwenye jina la Mzungu amepiga magoti, anayekwenda boma keshokutwa ni kibaraka. Watu ambao hata wangetaka wasingeweza! Na wewe uliyeweza ukawafuata, kwa sababu wana maneno matamu na wewe unapenda kupigiwa makofi. Mjomba wako akakueleza kwa upole, nilimsikia: "Twilumba, chama chetu cha uhuru kimekwisha kupatana na Mzungu mmoja na Mhindi mmoja walio upande wetu. Tukiwachagua hao, nafasi zote tatu zinakuwa zetu. Tukisusa, atachaguliwa Mzungu wa mashamba, na yeye ndiye atakayetusemea." Ulimjibu nini? Ulimjibu lile neno.

Alivaa kofia yake, akaniambia, "Haya mama, mimi nakwenda," na kikombe chake kilikuwa kimejaa. Huyo ndiye aliyekupandisha kwenye baiskeli na sanduku lako, mvua inanyesha, utelezi, akakusukuma mlima mzima mpaka shule ya bweni kwa sababu baba yako alisema msichana haendi shule. Maneno uliyomtukania uliyapata huko alikokusukuma.

Jumanne nilitembea mpaka Makambako kumwona. Nilimkuta amekaa mlangoni, hajanyoa. Mkewe akanisalimia kwa macho tu. Nikamwambia, "Wiki hii ni kura, baba." Akasema, "Siendi, mama." Nikamwambia asiwe mtoto. Akaniambia, "Nimechoka. Ningetukanwa na Mzungu ningeweza kula na kulala. Walionicheka ndio niliokuwa nawapigania." Nikainuka, nikarudi nyumbani. Upepo ulikuwa mkali, ule wa baridi wenye vumbi, midomo ikanipasuka damu, na nilifurahi kwamba kuna kitu kinaniuma ambacho nakijua dawa yake.

Hebu nikuambie hizo dawa, maana ndicho kitu pekee ninachokijua ambacho Obadia hawezi kukibishia.

Hilo kopo litupe. Usimpe mwenzako, litupe chooni. Uso osha kwa maji ya vuguvugu, si ya moto, na sabuni ya kufulia usiipitishe usoni hata siku moja. Ile ni ya shuka. Usijikaushe kama unayesugua sufuria. Acha unyevu kidogo, weka mafuta ya nyonyo matone machache kiganjani, sugua viganja mpaka yapate joto, ndipo ubandike usoni, ubandike tu, usivute. Pale mashavu yalipoiva usipake chochote mpaka yapoe, osha kwa maji matupu, na usitoe maganda kwa kucha. Ngozi ikiachwa hujishona yenyewe. Midomo, samli kidogo. Visigino, loweka, sugua kwa jiwe, paka mafuta ya ng'ombe, vaa soksi ulale. Mwanamke mwenye magaga hupasua mashuka na kulaumu panya. Huko Tanga wanasema ni joto na mtu anatoka jasho amekaa tu. Basi huko mafuta mazito yaache, yataziba uso utoke vipele. Tafuta ya nazi, kidogo, jioni. Zaidi ya hapo sijui. Sijawahi kufika mahali ambapo mtu anatafuta kivuli.

Unaona mikono yangu? Umeiona miaka yote na hukuuliza. Ule weusi kwenye mistari ya viganja si uchafu wala si uzee. Ni maji ya magome ya miwati, ile miti ya Wazungu ya kutengenezea ngozi za viatu. Unabandua gome bichi, linatoa maji, yanaingia kwenye nyufa za ngozi na hayatoki. Nyufa zenyewe ni za baridi, asubuhi gome lina umande kama barafu. Tulikuwa wanawake wengi. Jioni tunakaa tunapakana mafuta viganjani, mmoja anamshikia mwenzake mkono kwa sababu vidole havikunji. Hapo ndipo nilipojifunza hayo yote ya nyonyo na samli, si kwa urembo.

Lakini sijakuambia shamba hilo la miwati lilikuwa wapi. Lilikuwa bondeni kwetu, pale tulipokuwa na vinyungu vya mama yangu, bustani za kiangazi, mboga na mahindi mabichi wakati watu wengine wanakula makavu. Mama yangu aliyachimba yale matuta akiwa na mimba yangu.

Ilikuwa hivi. Lilitangazwa baraza. Mzungu mmoja anataka bonde apande miwati, jumbe ameitwa, watu waje waseme. Na kwa mara ya kwanza karani wa boma akasema hata wanawake wenye vinyungu waje, mmoja wao aseme kwa niaba ya wote. Wakamchagua wifi yangu. Dada wa babu yako, mwembamba, mwenye sauti ya kengele, hujamkuta. Mimi nilitaka kusema mimi. Bonde la mama yangu, halafu aseme yeye aliyeolewa akaachika akarudi kwao? Tena nilisikia anavyojipanga kusema: atamshukuru Mzungu kwanza, atamwita baba, ndipo aseme habari ya vinyungu. Nikasema, huyu anatuuza. Amwite baba yeye mwenyewe, mimi baba yangu alikufa. Nikapita nyumba kwa nyumba. Nilikuwa na mdomo, Twilumba, usifikiri huo wako uliuokota njiani. Nikawaambia wanawake, "Asiyekuwa mtumwa abaki kwake." Wakabaki. Walinisifu. Mama mmoja alinipa kuku.

Wifi yangu alikwenda peke yake. Alisimama, akamwita Mzungu baba kama alivyosema, halafu akasema habari ya vinyungu yote, vizuri, bila kuacha kitu. Mume wangu alikuwepo, alinisimulia akiwa amenipa mgongo. Karani akauliza, "Wenzako wako wapi?" Akatazama nyuma. Hakuna mtu. Karani akaandika kwamba wanawake hawana neno.

Hawana neno. Mimi niliyekuwa na maneno ya nyumba kumi na mbili!

Nisingependa uniambie kwamba hata tungekwenda wote bonde lingechukuliwa. Najua. Nimejiambia hivyo tangu siku hiyo, na huenda ni kweli. Mzungu alikuwa na barua yake mfukoni kabla ya baraza, wanasema. Lakini lile shamba nililibandua magome kwa mikono yangu, misimu na misimu, na kila nilipokuwa naegemea mti nilijua ninakoegemea, na yule wifi alikuwa kwenye mstari wa pili na panga lake, na hakunisemesha mpaka alipokufa. Mambo ya Mzungu yalinichukulia bonde. Yule dada nilimpoteza mimi.

Nilipokuwa mtoto mdogo kabisa, niliona wanaume wa upande wa mama yangu wakinyunyiziwa maji na kuambiwa kwamba risasi haitapita kwenye ngozi zao. Waliitikia kwa sauti moja, walikuwa na umoja ambao Obadia angeupenda. Mjomba wangu alikuwa wa mbele. Sitaki kuandika zaidi hapo.

Kwa hiyo ukinisikia siongei kuhusu uhuru kama mnavyoongea, si kwamba siutaki. Nautaka kuliko ninyi, mimi ndiye mwenye bonde. Ila sina tumaini, mwanangu, na sitakudanganya nikuambie ninalo. Nikiwatazama hapo kwenye benchi naona mtaupata huo uhuru, au hamtaupata, na mkiupata mtakaa kugombania uitwe nini. Mtakuwa na viongozi wenye kusema vizuri kuliko wa leo. Na mwanamke mmoja atasimama barazani na habari kamili, atatazama nyuma, na ninyi mtakuwa nyumbani mnapongezana kwa kutokwenda. Nimewaona. Hamjafika popote na mmekwisha kuanza kuhesabu nani ni mweusi vya kutosha. Kama serikali ilitaka kutugawa kwa ngozi, ingeweza kuokoa karatasi zake, ingewaachia kazi hiyo ninyi.

Usiniulize basi kwa nini nakutaka upige kura, kama naona giza hivi. Nimejiuliza mwenyewe tangu mchana. Sijui kura moja inafanya nini. Yeremia anasema inafanya, Obadia anasema haifanyi, wote wawili wana kofia. Mimi ninachojua ni kwamba katika ukoo huu wote, waliokufa na waliopo, majina yaliyoandikwa boma ni mawili. Moja umelitukana mpaka limekaa mlangoni halinyoi. La pili linafunga sanduku. Keshokutwa karani ataita, atanyamaziwa, na ataandika lile lile lililoandikwa siku ya bonde. Hilo siwezi kulibeba mara ya pili. Mikono haifai tena.

Na ile kura ya Mzungu inakuchoma, najua. Itakuchoma hivyo hivyo, itie alama. Mimi sikumwita mtu baba, nikabaki na heshima yangu yote, nzima, haina ufa. Niulize imenilisha nini.

Nimesikia mbwa anabweka, nadhani unarudi. Nitakupa barua hii mkononi, usome mbele yangu, na usinijibu. Halafu fanya hivi.

Kesho ukifika Makambako usiende lilipo lori la Iringa. Nenda moja kwa moja kwa mjomba wako. Piga magoti hapo hapo nje, kwenye vumbi, mkewe na majirani wakiona, kwa sababu ulimtukana watu wakiona. Msalimu kwa Kibena, sema Kamwene, mwombe radhi, usimweleze siasa hata neno moja. Mwambie anyoe ndevu na avae koti. Pandeni lori la Njombe nyote wawili, mlale kwa mama mchungaji, asubuhi muwe wa kwanza mlangoni pa boma, mchague wote watatu. Tanga itakungoja; shule haijafunguliwa. Na Yeremia akikataa kuinuka, usiondoke. Kaa kizingitini pake, ukinyeshewa nyeshewa, mpaka ainuke.

Bibi yako,
Semligo